Kiti Kimoja Kati ya 20: Funzi na Bunge la Tatu la Kaunti ya Kwale

Mada iliyotolewa kwa wakazi wa Kisiwa cha Funzi, Wadi ya Ramisi



Mada ya leo ni Bunge la Kaunti ya Kwale katika muhula huu wa tatu: nani wamo ndani yake, nani wanaliongoza, na mkazi wa kisiwani afikishe neno lake wapi ili lisipotelee njiani. Kutoka Funzi hadi bunge hilo ni safari ya kuvuka maji mpaka Bodo, kupanda bodaboda mpaka barabara kuu ya Lunga Lunga, kisha matatu mpaka Kombani, na tena gari jingine kupanda Golini mpaka mji wa Kwale. Mtu akiugharamia mwendo huo kisha akaambiwa amebisha hodi mlango usio wake, harudi tena. Ndiyo sababu kuijua milango kwanza ni akiba ya nauli.

Wazee wengi bado humwita mwakilishi wa wadi "diwani", na vijana humwita MCA. Kazi hizo mbili hazilingani. Diwani wa zamani aliketi katika Baraza la Kaunti ya Kwale chini ya Waziri wa Serikali za Mitaa aliyekuwa Nairobi, na sheria ndogo za baraza zilihitaji ridhaa ya waziri huyo. Mwakilishi wa wadi wa leo hutunga sheria za kaunti, hupitisha bajeti na huweza kumwita waziri wa kaunti aje ajieleze. Pwani iliwahi kuonja kitu kama hicho mapema. Mwaka 1963, chini ya katiba ya majimbo, Mkoa wa Pwani ulikuwa na bunge lake, na Ronald Ngala ndiye aliyekuwa rais wa bunge hilo. Halikudumu. Kenya ilipokuwa jamhuri tarehe 12 Desemba 1964, majimbo yalikwisha, na watu wa pwani wakangoja hadi 2013 kupata tena mahali pa kutungia sheria zao karibu na nyumbani.

Bunge la kwanza la Kwale lilikaa 2013 hadi 2017, la pili 2017 hadi 2022, na katika mihula yote miwili Spika alikuwa Sammy Ruwa. Bunge la tatu lilitokana na uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022, na Spika wake ni Seth Mwatela Kamanza. Uchaguzi huohuo ndio uliomweka Fatuma Achani katika kiti cha gavana, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo katika kaunti za pwani, baada ya kuwa naibu wa Salim Mvurya kwa miaka tisa. Naibu wake ni Chirema Kombo.

Sasa wajumbe. Kwale ina wadi 20, na kila wadi huchagua mtu mmoja. Kinango ina wadi saba, Matuga tano, Msambweni nne na Lunga Lunga nne. Wadi za Msambweni ni Gombato Bongwe, Ukunda, Kinondo na Ramisi. Funzi imo Ramisi, wadi iliyobeba jina la mto na la kiwanda cha sukari ambacho wazee hapa wanakikumbuka kabla hakijafungwa.

Hesabu hiyo inafaa kutazamwa kwa makini. Msambweni yote ikisimama pamoja ni kura nne kati ya wajumbe 20 wa kuchaguliwa. Ramisi ni kura moja. Na ndani ya Ramisi, Funzi ni kisiwa kimoja miongoni mwa vijiji vingi vya bara, kwa hiyo hata huyo mmoja ana wapiga kura wengi wasiovuka maji. Hili si la kumlaumu mtu, ndivyo wadi zilivyokatwa. Lakini maana yake ni kwamba jambo la Funzi haliwezi kupita kwa sauti ya mwakilishi wa Ramisi peke yake, hata akiwa hodari namna gani. Lazima wenzake wa Vanga, Kinondo au Tiwi, ambao nao wana wavuvi na fukwe, waone kuwa ni jambo lao pia.

Mbali na hao 20 wapo wajumbe wa kuteuliwa, na hapa ndipo kunapokuwa na manung'uniko mengi barazani: "Hawa walichaguliwa na nani?" Katiba inasema wajumbe wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili. Wadi zikichagua wanaume wengi, viti vya kuteuliwa huongezwa mpaka wanawake wafike kiwango hicho. Sheria ya Serikali za Kaunti inaongeza viti sita vya makundi yaliyosahauliwa, wakiwemo watu wenye ulemavu na vijana. Majina hutoka kwenye orodha za vyama, na kila chama hupata kwa kadiri ya viti kilivyoshinda wadini. Mjumbe wa kuteuliwa ana kura sawasawa na wa kuchaguliwa. Hana wadi, na hilo ndilo linalomfaa mkazi wa Funzi: mama mwenye shauri la kina mama wauza samaki, au kijana mwenye ulemavu, anaweza kumwendea mjumbe wa kundi lake kutoka pembe yoyote ya kaunti. Wachache sana hufanya hivyo.

Juu ya wajumbe kuna uongozi. Spika huchaguliwa na wajumbe lakini yeye mwenyewe si mjumbe wa wadi yoyote, na hapigi kura. Kazi yake ni kuendesha vikao kwa haki na kuwa mwenyekiti wa bodi inayosimamia utumishi wa bunge. Tena gavana na naibu wake wakikosekana wote wawili, Spika ndiye anayekaimu ugavana hadi uchaguzi ufanyike, na uchaguzi huo lazima uwe ndani ya siku 60. Asipokuwepo kikaoni, mjumbe aliyechaguliwa na wenzake hukalia kiti hicho.

Kisha kuna Kiongozi wa Wengi na Kiongozi wa Wachache. Magazeti huwapenda hawa wawili kwa sababu ndio wanaorushiana maneno. Lakini anayetafuta gati, maji au dawa angefanya vyema zaidi kumjua mwenyekiti wa kamati. Bunge lina kamati ya bajeti, kamati ya kukagua hesabu za fedha zilizotumika, na kamati za sekta kama afya, kilimo na uvuvi, na barabara. Kikao kikubwa mara nyingi hupitisha kile ambacho kamati imekwisha kukisuka. Mtu akisubiri mjadala wa kikao kikubwa ndipo apeleke hoja yake, amechelewa.

Na mtu wa mwisho katika uongozi, ambaye hatajwi kwenye kampeni kwa kuwa hagombei, ni Karani wa Bunge. Huyu ni mwajiriwa. Barua zote hupitia kwake.

Kuna jambo moja linalochosha pande zote mbili, wananchi na wajumbe. Mwakilishi wa wadi huombwa karo, mchango wa harusi, mafuta ya boti ya mgonjwa, na mabati ya madrasa. Huenda akatoa, kwa moyo wake na mfuko wake. Lakini sheria inamkataza kufanya kazi za utendaji, na inamkataza kutoa huduma kana kwamba ni mfanyakazi wa kaunti. Hajengi zahanati, wala hanunui boti ya wagonjwa. Anachoweza ni kuhakikisha fedha zake zimeandikwa kwenye bajeti, kisha kumuuliza waziri wa kaunti mbona hazijatumika. Mawaziri hao, wasiozidi 10, huteuliwa na gavana na kuidhinishwa na bunge hilohilo, kwa hiyo wajumbe wana haki ya kuwabana. Mkazi anayempima mwakilishi wake kwa idadi ya magunia ya unga aliyogawa anampima kwa pishi isiyo yake. Pishi yake hasa ni hoja alizowasilisha na bajeti alizozisoma.

Zaidi ya hapo si kila shida ya Funzi ni ya kaunti. Vivuko na bandari za ndani, uvuvi, zahanati, maji, shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini ni vya kaunti. Madarasa ya shule ya msingi na sekondari ni ya serikali kuu, na hapo mlango ni wa mbunge wa Msambweni, Feisal Bader, kupitia hazina ya maeneo bunge. Bader aliingia bungeni kwa uchaguzi mdogo wa Desemba 2020 baada ya kufariki kwa Suleiman Dori. Misitu ya mikoko inayozunguka kisiwa iko chini ya Shirika la Misitu la taifa. Seneta Issa Boy na Mwakilishi wa Wanawake Fatuma Masito wote huketi Nairobi, ingawa seneta ndiye hasa mlinzi wa fedha za kaunti kule.

Tukirudi kwenye muhula wenyewe, kuna hesabu ya tarehe ambayo haisemwi mara nyingi. Uchaguzi hufanyika Agosti, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kwa hiyo bunge jipya hukuta bajeti ya mwaka wake wa kwanza imekwisha kupitishwa na bunge lililotoka. Wajumbe walioapishwa 2022 waliikuta ya 2022/23 mezani. Wangeweza kuigusa kwa bajeti ya nyongeza tu. Mwakilishi mpya akilaumiwa mwaka wa kwanza kwa kutojenga kitu, mara nyingi analaumiwa kwa bajeti ya mtangulizi wake. Na kinyume chake ni kweli: bunge hili la tatu ndilo linalopitisha bajeti ya 2027/28 kufikia tarehe 30 Juni 2027, wiki chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 10 Agosti 2027. Watakaochaguliwa siku hiyo wataikuta imefungwa.

Mswada ambao haujakamilika muhula ukiisha huanguka, na bunge linalofuata halilazimiki kuuokota. Anayetaka sheria ya kaunti kuhusu usalama wa vyombo vya kuvukia, kwa mfano, asihesabu miaka mitano. Ahesabu miezi iliyobaki.

Katika kila mwaka wa fedha kuna tarehe tatu. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bungeni kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha hufika kufikia tarehe 28 Februari, na bunge lina siku 14 tu za kuujadili. Makadirio ya bajeti hufika kufikia tarehe 30 Aprili. Mradi ambao haumo kwenye mpango wa Septemba huingia bajeti ya Juni kwa shida. Wakazi wengi hujitokeza Mei, wakati wa mikutano ya maoni kuhusu bajeti, wakaambiwa maoni yao ni mazuri na yatazingatiwa mwaka ujao. Hakuna aliyewadanganya. Dau lilikuwa limekwisha kung'oa nanga Septemba.

Kitu cha kupongeza katika muhula huu, ingawa hakikutoka kwa bunge la kaunti: mwaka 2023 jamii ya Wapemba wanaoishi kando ya bahari ya Kwale na Kilifi ilitambuliwa rasmi kuwa sehemu ya Kenya, kama Wamakonde walivyotambuliwa kabla yao. Watakaojiandikisha watapiga kura ya uchaguzi mkuu kwa mara ya kwanza 2027. Ni wavuvi, na kura zao katika wadi za pwani zitahesabika.

Kwa wasioweza kufika Kwale, sheria imeacha mlango wa malalamiko ya maandishi. Mkazi yeyote anaweza kuliandikia bunge ombi, bila wakili wala chama. Vikao vyenyewe viko wazi, na umma hauwezi kufungiwa nje ila kwa sababu maalumu ambayo Spika ametangaza. Ombi liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa mkono au kwa mashine, lieleze shida na kile kinachoombwa, na liseme kama jambo hilo lilishapelekwa kwa idara husika na jibu lilikuwa nini. Hapa ndipo mengi hukwama, kwa hiyo nakala ya barua ya kwanza kwa idara ihifadhiwe pakavu. Chini yaandikwe majina, anwani na nambari za vitambulisho, na sahihi. Asiyejua kuandika aweke alama ya dole gumba, nayo inatosha. Bahasha iandikwe: Karani, Bunge la Kaunti ya Kwale.