Hesabu ya Kifurushi Kimoja: Njia ya Kuikuza Kampuni Changa ya Biashara ya Mtandaoni katika Shinyanga na Geita



1. Utangulizi

Nimetakiwa nieleze jinsi kampuni changa ya biashara ya mtandaoni inavyoweza kukua hata ikawa tijara yenye faida. Nami nashika kauli moja tu, kwamba kampuni ya namna hiyo isithubutu kufungua kituo cha pili kabla haijajua, kwa yakini, ni shilingi ngapi zinazobaki katika kila kifurushi kinachomfikia mteja wa kituo cha kwanza.

2. Ibra ya waliotangulia

Jumia, kampuni ya biashara ya mtandaoni iliyoanza Nigeria mwaka 2012, iliingiza hisa zake katika soko la New York mwezi Aprili 2019, na Novemba ya mwaka uo huo ikafunga shughuli zake Tanzania. Copia ya Kenya nayo, iliyowahudumia watu wa vijijini kwa kupitia mawakala wenye maduka, iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi Mei 2024, ilhali wawekezaji walikwisha kuipa zaidi ya dola milioni 100. Kwa hiyo wingi wa rasilmali na wateja si dhamana ya salama.

3. Hali ya ukanda wetu

Malipo si tatizo kubwa hapa, kwani M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, na mchimbaji wa Nyarugusu au Rwamgasa, mkoani Geita, amekwisha kuzoea kumtumia mamaye fedha kwa simu. Uzito uko kwingine. Mapato ya mchimbaji mdogo hayana mwisho wa mwezi, bali hungoja mawe yapite karashani, yaani kwenye mashine ya kuyasaga, dhahabu ipatikane na mgao ufanyike; na ingawa Geita ilifunguliwa soko la dhahabu mwezi Machi 2019, la kwanza nchini, soko hilo haliwezi kuharakisha duara, yaani shimo la machimbo, ambalo halijatoa kitu. Fauka ya hayo, uvumi wa dhahabu mpya ukienea, kambi nzima ya maturubai huhama, na mteja aliyeagiza bidhaa Jumatatu huenda Ijumaa asiwepo.

4. Hesabu yenyewe

Tuseme taa ya kichwani imenunuliwa Kariakoo kwa shilingi 17,000, ikauzwa 25,000. Basi hadi Kahama latoza 1,500, bodaboda hadi mwaloni, yaani mahali pa kuchenjulia dhahabu, 3,000, wakala 1,000, na ada ya muamala ni 500, zinabaki 2,000. Lakini kati ya vifurushi vitano kimoja kikikosa mwenyewe, gharama ya basi pamoja na bodaboda ya kwenda na kurudi ni 7,500, na faida ya vile vinne, yaani 8,000, inasalia 500 tu. Sasa vifurushi vitano vipakiwe bodaboda moja hadi duka la wakala mmoja, usafiri ukawa 600 kwa kila kimoja: kila kinachouzwa chaacha 4,400, na hata kimoja kikirudi, jumla inayobaki ni 14,900. Bei haikupanda wala programu haikubadilika. Kilichobadilika ni mpango wa safari.

5. Mapendekezo

Kwanza, kampuni ianze kwa njia moja, kama vile ya Kahama hadi Ushirombo na Katoro, na isafirishe kwa siku maalumu, hasa siku za gulio. Pili, mteja aikague bidhaa mbele ya wakala ndipo alipe, kwa kuwa mtu akishaiona bidhaa, vifurushi vya kurudi hupungua. Tatu, taarifa za wateja zihifadhiwe kwa amana, kama inavyotaka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Nne, kituo kipya kifunguliwe pale tu ambapo kile cha kwanza kimeleta faida miezi mitatu mfululizo, baada ya kutoa gharama za vilivyorudi. Na wenye mabenki na mitaji, kabla ya kuuliza programu imepakuliwa na watu wangapi, waombe kwanza kuonyeshwa hesabu hii.