Homa ya Dengue: Gharama Huanzia Kwenye Pipa la Maji



Homa ya kuvunja viungo si ngeni pwani. Yapata mwaka 1870, daktari James Christie aliishuhudia Zanzibar, akaeleza kuwa wenyeji waliiita kidinga pepo. Wataalamu wangali wakijadili iwapo ilikuwa dengue au ndugu yake, chikungunya. Mwaka 2019 dengue ililipuka Dar es Salaam, na Tanga ikawa miongoni mwa mikoa iliyoguswa zaidi.

Dengue huenezwa na mbu aina ya Aedes, mweusi mwenye madoa meupe. Huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza. Kwa hiyo chandarua, ngao kuu dhidi ya malaria, hakimzuii mbu huyu anapomvizia mama jikoni au fundi kibarazani.

Mabadiliko ya tabianchi humnufaisha mbu huyu kwa njia mbili. Joto likiongezeka, viluwiluwi hukua upesi na virusi hukomaa mapema mwilini mwa mbu. Majira nayo yakiyumba, mvua kubwa hujaza matairi, makopo na vifuu vya nazi. Na ukame ukirefuka, watu hulazimika kuhifadhi maji. Jiji la Tanga hutegemea bwawa la Mabayani katika mto Zigi. Mgawo wa maji unapoanza, kila nyumba huwa na mapipa na madumu. Hivyo mbu hupata mazalia wakati wa neema na wakati wa dhiki.

Gharama yake ni nzito kuliko bei ya dawa. Dengue haina tiba mahsusi. Mgonjwa husaidiwa kwa mapumziko, maji ya kutosha na parasetamo. Hata hivyo, kaya hulipa nauli, vipimo na, wakati mwingine, kitanda cha hospitali. Mvuvi haendi baharini, mama lishe hafungui banda, na uchovu huweza kudumu wiki kadhaa baada ya homa kutoka. Anayejinunulia dawa ya malaria bila kupimwa hupoteza fedha na siku. Anayemeza aspirini, diklofenaki au ibuprofeni huweza kuhatarisha maisha, kwa kuwa dawa hizo huzidisha hatari ya kutokwa damu.

Hatari kubwa huja mara nyingi homa inaposhuka, wakati jamaa wanapodhani mgonjwa amepona. Maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, kutokwa damu puani au kwenye fizi, na kulegea kupita kiasi ni dalili za kumwahisha hospitali bila kungoja kesho.

Kinga yake ni nafuu. Mayai ya mbu huyu hugandamana na kuta za chombo, na huweza kukaa makavu miezi mingi yakisubiri maji. Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Kila wiki pipa lisuguliwe kwa brashi, kisha lifunikwe barabara. Matairi yawekwe chini ya paa, na vifuu na makopo vifukiwe. Kazi hiyo ifanywe kabla ya masika na kabla ya vuli, wala isikome kiangazi.

Mtaa mmoja ukisafisha na wa jirani ukazembea, mbu hawajui mpaka. Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa ugonjwa usio na tiba, kinga ndiyo akiba ya kaya.