Karatasi Zirudi Kijijini

Maneno yaliyosemwa na timu ya tereni katika mkutano mkuu wa wanamemba, Baraka



Tumeombwa tuseme juu ya mwaka mmoja wa kazi kati ya iniversite jirani na vijiji ambamo wanamemba wengi wanaishi. Tutasema mazuri, tutasema na mabaya, kwani leo mchana mtaulizwa kama makubaliano yaendelee ao yaishe. Mtu hawezi kupiga kura vizuri kama amesikia nusu ya habari.

Tuanzie mbali kidogo. Iniversite za nchi yetu zina kazi tatu: kufundisha, kutafuta maarifa na kutumikia jamii. Ya kwanza tunaiona kila asubuhi, wanafunzi wakipita na madaftari yao. Ya pili tunaijua sana, juu ni sisi tunaulizwa. Tangu meli zilipoanza kuturudisha kutoka Kigoma mwaka wa 2005, ankete hazijaisha. Ulikuwa kambi gani, Lugufu ao Nyarugusu? Ulikuta shamba lako namna gani? Ulipoteza watu wangapi njiani? Watu wanajibu, wengine wanalia. Mwanafunzi anaandika, anasema aksanti, anaenda zake kutetea memware yake na kupata diploma. Kijiji hakipati hata karatasi moja. Ile kazi ya tatu, ya kutumikia, ndiyo tulikuwa hatuijui.

Kabla ya makubaliano, mama mmoja mwanamemba alimwambia mwanafunzi: “Mwanangu, wewe ni wa tano. Wale wanne walipeleka wapi maneno yangu?” Kijana hakuwa na jibu. Hata sisi hatukuwa nalo, na ni sisi tulimpeleka pale. Makubaliano yalitoka ku swali la yule mama.

Ni ukurasa mmoja tu. Anayekuja kuuliza, arudi kueleza alichopata, kwa Kiswahili ao Kibembe, mbele ya wale aliowauliza. Fakulte ya sheria isaidie karatasi za watoto waliozaliwa kambini. Fakulte ya kilimo ilime shamba la mfano pamoja na wakulima. Shirika nalo lipokee wanafunzi na kuwaonyesha njia.

Tuanze na karatasi za watoto. Sheria yetu inaomba mtoto aandikishwe ku leta-sivili kabla siku 90 hazijapita. Zikipita, inatakiwa hukumu ya tribunali, ile watu wanaita sipletifu. Mtoto aliyezaliwa Tanzania, akarudi hapa ana miaka saba, siku zake 90 zilipita zamani. Ana karatasi ya kliniki ya kambi, na pengine hata hiyo ililowa maji.

Kila Jumamosi wanafunzi wa sheria walikaa chini ya mwembe ku ofisi yetu. Hawakuwa maavoka, na hawakujifanya maavoka. Walipanga dosie tu: karatasi ya kliniki, karatasi ya kurudi, majina ya mashahidi. Hapo ndipo walivumbua kitu ambacho sisi wenyewe hatukukiona miaka yote. Kule Tanzania karani aliandika Juma, hapa baba anaandikwa Djuma. Kule Ramadhani, hapa Ramazani. Kwa masikio ni mtu mmoja, lakini kwa karani wa tribunali ni watu wawili, na dosie inarudishwa. Siku hizi familia inakuja na mashahidi wanaothibitisha kwamba majina yale mawili ni ya mtu mmoja, na dosie haiondoki mpaka hilo limeandikwa. Mmoja wa wale wanafunzi alizaliwa Nyarugusu mwenyewe, basi wamama hawakuhitaji kumweleza mara mbili.

Lakini dosie iliyopangwa vizuri siyo hukumu. Nyingi bado ziko ku kabati. Mpaka Uvira ni karibu kilomita 90, na kila mtu hapa anajua ile barabara wakati wa mvua. Mzazi analipa njia yake, ya mtoto na ya mashahidi, kisha anaambiwa arudi wiki ijayo. Tutarudia jambo hili mwishoni.

Sasa muhogo. Mozaiki mnaijua, ile waliolima Kigoma wanaita batobato: majani yanajikunja, yana madoa ya manjano. Ule ugonjwa mwingine, wa michirizi ya kahawia, ni mjanja zaidi. Shina linaweza kusimama vizuri, majani mengi, na siku ya kung’oa unakuta mizizi imekauka na kuoza ndani. Na sisi tuna desturi nzuri ya kugawiana vijiti vya kupanda. Mtu anarudi kutoka kambini mikono mitupu, jirani anamkatia vijiti. Ni upendo, lakini ugonjwa nao unasafiri ndani ya ule upendo. Ku shamba la mfano wakulima walijifunza kung’oa mapema shina lenye ugonjwa, na kupasua mizizi kwanza kabla ya kukata vijiti vya kumpa mwingine.

Shamba lenyewe halikwenda vizuri. Mvua ya kupanda inaanza Septemba, na mvua haingojei mwaka wa masomo ufunguliwe. Wanafunzi walifika tukiwa tumechelewa. Walipoenda vakansi, hakuna aliyepangwa kulinda, na mbuzi wakala sehemu kubwa. Tusiseme ni kosa la iniversite peke yake. Zamu ya kulinda ilikuwa yetu, na hatukuiandika popote.

Jambo la tatu ni zito. Wanafunzi wengine walikuja kupima parsele kwa memware yao. Walipita na telefoni yenye kuonyesha mipaka, wakachora, wakamwachia kila mwenye nyumba mchoro wenye jina lake na kashe ya fakulte. Walitaka kutimiza ahadi ya kurudisha karatasi. Lakini kwetu, karatasi yenye kashe si mchezo. Ndugu mmoja aliyerudi alimwonyesha jirani ule mchoro na kusema: “Sasa parsele ni yangu, iniversite imeandika.” Yule jirani alikuwa amelima pale miaka yote ya vita. Kesho yake vijana wa pande mbili walisimama pale na mapanga.

Hakuna aliyeumia. Mzee wa kijiji alifika kwanza, sisi tukafuata, na jioni mwalimu wa fakulte alikuja mwenyewe. Mbele ya wote alieleza: kupima siyo kugawa. Setifika ya ardhi inatolewa na konservatere, kufuatana na sheria ya ardhi ya 1973, si na mwanafunzi. Michoro yote ilikusanywa. Ule mgogoro wenyewe bado uko mbele ya wazee, na haujaisha.

Ku mkutano wa kurudisha matokeo, mwanafunzi mwingine alisoma kwamba hapa “waliorudi” wanagombana na “waliobaki”. Mzee mmoja ambaye hakuvuka ziwa hata siku moja alisimama: “Hata sisi tulikimbia. Tulilala ku milima. Andika hivyo.” Kijana alirekebisha palepale. Kama asingerudi, kosa lake lingebaki ku maktaba, na wengine wangelinukuu.

Basi tunaleta nini mbele yenu? Sisi wa tereni tunaomba makubaliano yaendelee, kwa masharti matatu. Hakuna kupima ardhi bila mzee wa kijiji na majirani wote, na hakuna mchoro wenye kashe kubaki mikononi mwa mtu. Kazi ya shamba ipangwe kufuata mvua, na zamu ya kulinda iandikwe. Kila memware iache ofisini kurasa mbili za Kiswahili.

Kwenu wafadhili, hatuombi semina nyingine. Sheria inaruhusu tribunali kutoka na kuja kusikiliza watu kwao, ile wanaita odiense forene. Siku chache za majaji hapa Baraka zingemaliza dosie ambazo familia moja moja haziwezi kuzisafirisha. Dosie ziko tayari. Njoeni muzione.

Kabati lenye memware liko ofisini, na ufunguo uko kwa mama mweka-hazina. Tuliahidiwa memware tano. Mpaka leo zimefika mbili. Kila mwanamemba ana haki ya kuzisoma, na asiyejua kusoma aje Jumamosi, tutamsomea. Zile tatu tunaendelea kuzidai.