Madola Makubwa na Bandari za Bahari ya Hindi

Leo twapenda kuwaeleza habari za bahari hii iliyo upande wetu wa mashariki, na jinsi madola makubwa yalivyoshindana ndani yake.

Kwanza yafaa tufahamu kwamba manowari haiwezi kukaa baharini siku zote. Huhitaji mafuta, maji, chakula, na mahali pa kutengenezwa. Basi dola lenye manowari nyingi lisilo na bandari ni kama msafiri asiye na kituo.

Mwaka 1968 Serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba itaondoa majeshi yake mashariki ya Suez. Mwaka ule ule manowari za Urusi zilianza kuonekana katika Bahari ya Hindi. Wamarekani nao hawakutaka kuwaachia Warusi bahari hiyo, maana ndiyo njia ya mafuta yatokayo Ghuba ya Uajemi. Kila mmoja akatafuta bandari. Warusi walipewa Berbera, katika Somalia. Mwaka 1977 Wasomali wakawafukuza, kwa kuwa waliwasaidia Wahabeshi vitani. Mwaka 1980 Wamarekani wakapewa ruhusa ya kutumia bandari ile ile, na Mombasa pia.

Lakini tangu mwaka 1966 Wamarekani walikuwa wamekwisha patana na Waingereza juu ya visiwa vya Chagos, kimojawapo Diego Garcia. Wenyeji wa huko, wengi wao wazao wa watumwa waliotolewa Afrika na Madagaska, walikuwa wakivuna nazi na kukausha mbata. Kati ya mwaka 1968 na 1973 wote waliondolewa pasipo kuulizwa, wakapelekwa Morisi na Shelisheli. Mbwa wao waliuawa; makaburi ya wazee wao yakabaki nyuma.

Mwaka 1971 Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba Bahari ya Hindi iwe bahari ya amani. Neno lile lilikuwa jema, lakini manowari hazikuondoka. Urusi ya Kisovieti ilivunjika mwaka 1991, na kambi ya Diego Garcia ikabaki palepale. Mwaka 2017 Wachina nao walifungua kambi yao Jibuti, karibu na ya Wamarekani.

Wahenga walisema, wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Ombi la bandari huja kwa maneno matamu. Basi aombwaye na aulize, kama mwenye nyumba amwulizavyo mgeni: utakaa siku ngapi, na watoto wangu watalala wapi?