Muungwana ni Kitendo

Kila Juni, siku iliyo ndefu kuliko zote, baadhi ya Wadruidi wa Uingereza, waumini wanaotukuza maumbile, huvaa kanzu nyeupe na kulilaki jua kwenye mawe makuu ya Stonehenge. Wapiga picha hukimbilia kanzu. Lakini ibada yenyewe iko nyumbani: kukaa kimya chini ya mti, kuadhimisha sikukuu nane za majira, kusafisha kijito cha mtaani.

Wadruidi wa kale hawakuacha maandiko. Taratibu nyingi za leo zimetungwa tangu karne ya 18. Wako wanaowacheka kwa hilo. Sisi wenye vitabu vya kale tusiharakishe kucheka. Muungwana ni kitendo: kijito kinachopita nyuma ya nyumba zetu kinasemaje juu ya ibada yetu?