JEMBE NA BENKI VIMEFUNGWA KAMBA MOJA

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wakulima, Sumbawanga



Nimeombwa niseme juu ya fedha. Najua wengi wenu mnasema moyoni, "Benki ni mambo ya watu wa mjini, kazi yetu sisi ni jembe." Ndugu zangu, wazo hilo limetuchelewesha sana. Jembe la mkulima na daftari la benki vimefungwa kamba moja. Kimoja kikianguka, cha pili huvutwa. Nitawaonyesha kwa mambo yaliyotupata wenyewe.

Wazee wetu wa Ufipa walilima kwa matuta, wakifukia majani chini ya udongo yaoze yawe mbolea, bila ya kukopa senti kwa mtu. Serikali ya kikoloni ikaja na kodi. Kodi ilitaka fedha, na fedha hapa zilikuwa haba. Vijana wakafunga safari ndefu kwenda kukata mkonge Tanga. Lakini bei ya mkonge haikupangwa Tanga. Soko la hisa la New York lilipoanguka mwaka 1929, biashara ya dunia ikaanguka pamoja nalo, na bei ya mkonge ikaporomoka. Mfipa ambaye hakupata kuliona jiji la New York akalipa gharama ya anguko lake. Na shilingi aliyoishika mkononi ilitolewa na Bodi ya Sarafu iliyoanzishwa mwaka 1919, ambayo akiba yake iliwekwa London. Jasho lilikuwa la huku, akiba ilikuwa ya kule.

Baada ya Uhuru tukaanzisha Benki Kuu yetu mwaka 1966. Mwezi wa Februari 1967 mabenki yakawa mali ya taifa, ikazaliwa Benki ya Taifa ya Biashara. Je, tuliposhika benki wenyewe, mambo yote yalinyoka? La. Ni lazima tuseme kweli.

Kumbukeni miaka ya 1970. Bei ya mahindi ilifanywa moja kwa nchi nzima. Mkulima wa Sumbawanga, aliye mbali sana na Dar es Salaam, alilipwa sawa na yule aliye karibu. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Rukwa, Ruvuma, Iringa na Mbeya zikawa ghala la taifa. Mbolea ikaletwa kwa mikopo.

Lakini nauli ya lori ililipwa na nani? Shirika la Taifa la Usagishaji lilinunua mahindi, likayasafirisha mamia ya maili, likauza unga mjini kwa bei isiyorudisha gharama. Pengo likazibwa kwa fedha za Benki ya Taifa. Deni halikulipwa, likakua mwaka hadi mwaka. Noti zikaongezeka mikononi, na bidhaa madukani zikapungua. Mwaka 1984 bei za vitu zilipanda kwa zaidi ya asilimia 30. Mkulima akapokea noti nyingi, akaenda dukani, sabuni hakuna, sukari hakuna, khanga hakuna. Alichopewa kwa mkono wa kulia kilichukuliwa kwa mkono wa kushoto.

Ndipo yakaja mageuzi. Mwaka 1986 serikali ilipatana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Bei moja ikaondoka, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ruzuku ya mbolea nayo ikaondolewa. Sheria ya mwaka 1991 ikafungua mlango kwa mabenki ya watu binafsi. Mwaka 1997 Benki ya Taifa ya Biashara ikagawanywa, ikatoka NMB. Mabenki yakapona. Lakini benki iliyopona imekuwa na tahadhari: kwanza yauliza, "Dhamana yako ni nini?" Mwenye shamba lisilo na hati anajibu nini?

Basi tazameni kamba ile ile leo. Mwaka 2017 uuzaji wa mahindi nje ya nchi ulizuiwa, na bei ikaanguka. Aliyekopa akitegemea bei ya zamani alibaki na deni lile lile, na gunia lisilo na thamani ile. Mkopeshaji asipolipwa hufunga mlango msimu ujao. Mlango ukifungwa, mbolea hainunuliwi. Mbolea isiponunuliwa, mavuno hupungua, duka la kijijini hulala, na benki yenyewe hukosa wa kumkopesha. Hapo nani amepona?

Tufanye nini? Kwanza, tusiuze mavuno yote mwezi wa Julai, wakati kila mtu anauza. Mnunuzi ajua kwamba ada ya shule inakusukuma, na anakungoja hapo. Sheria ya stakabadhi za ghala ya mwaka 2005 yakuruhusu kuweka mazao ghalani, upewe hati, na hati hiyo iwe dhamana ya mkopo. Lakini ghala moja halijengwi na mtu mmoja. Linataka ushirika.

Pili, vitabu vya ushirika visomwe mbele ya wanachama wote. Shirika la Usagishaji lilituonyesha kwamba hasara iliyofichwa haifi, bali huzaa. Katibu akikataa kuonyesha hesabu, msimpe kura.

Tatu, mkopo wa mbolea uende shambani. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga.

Nne, tukatae lumbesa. Anayekubali gunia la kilemba amekwisha kumpa mlanguzi faida kabla ya bei kutajwa.

Ndugu zangu, hatuombi huruma ya benki, wala hatutaki benki ife kwa ajili yetu. Tuliona miaka ya 1980 nani hulipa inapougua. Twataka mkopo wa haki, uje kabla ya mvua, na sisi tuulipe baada ya mavuno. Mkirudi vijijini, ulizeni swali moja tu katika mkutano wa kwanza: ghala letu liko wapi, na daftari lake liko kwa nani?