Hotuba ya Katibu wa Kwaya: Sare, Vyeo na Uanachama



Tumepewa nafasi hii tuzungumze juu ya sare, vyeo na uanachama. Mada hii haikuokotwa njiani. Tangu tuanze matayarisho ya kutimiza miaka 25, maswali matatu yamekuwa yakizunguka katika mazoezi ya Jumamosi. Nani atavaa joho jipya la yubilei? Nani atasimama mstari wa mbele? Na yule ambaye hajamaliza kulipa, je, bado ni mwanakwaya? Maswali haya yataamuliwa katika mkutano mkuu baada ya sherehe. Leo tunayaweka mezani kwa kutazama chama kimoja cha walei Wakatoliki ambacho kimeyapitia yote matatu kwa zaidi ya miaka 140.

Wengi wetu tumeona picha zao kwenye simu. Wanaume wamesimama safu mbili mlangoni mwa kanisa, suti nyeusi, kofia zenye manyoya, panga zimeinuliwa juu, askofu akipita katikati. Vijana wetu waliuliza moja kwa moja: hawa ni Freemason? Hapana. Hawa ni Knights of Columbus, chama cha udugu cha wanaume Wakatoliki kilichoanzia Marekani. Tena mojawapo ya sababu za kukianzisha ilikuwa hiyo hiyo: Kanisa lilikuwa limewakataza Wakatoliki kujiunga na vyama vya siri, na wanaume walihitaji mahali pa kusaidiana pasipo kuiacha imani yao.

Aliyekianzisha ni padre kijana, Michael McGivney, aliyekuwa padre msaidizi katika parokia ya Mtakatifu Maria mjini New Haven, jimbo la Connecticut. Alizaliwa mwaka 1852, mtoto wa kwanza kati ya watoto 13 wa familia ya wahamiaji kutoka Ireland. Baba yake alifanya kazi kiwandani. Mwaka 1873, Michael akiwa mseminari, baba alifariki, na kijana akajua maana ya mama kubaki na watoto bila mshahara wa nyumba.

Alipopata upadre mwaka 1877 na kupelekwa New Haven, alikuta habari ile ile nyumba baada ya nyumba. Mwanamume anakufa kwa kazi ngumu au kwa ugonjwa, mjane anabaki hana kitu, na watoto wanaweza kutawanywa. Yeye mwenyewe aliwahi kwenda mahakamani kusimama kama mlezi wa kijana aliyefiwa na baba, ili asitengwe na familia yake. Mwezi wa Oktoba 1881 aliwaita wanaume wa parokia katika chumba cha chini ya kanisa. Tarehe 29 Machi 1882 chama kikasajiliwa.

Sasa tuangalie walianza na nini. Walianza na mjane. Mpango wa kwanza ulikuwa hivi: mwanachama akifariki, kila mwenzake anatoa dola 1, na mjane anapewa dola 1,000. Mgonjwa asiyeweza kufanya kazi alikuwa na haki ya kupata hadi dola 5 kwa wiki, kwa wiki 13. Baada ya hapo, baraza lake la mtaa liliamua limsaidie namna gani. Sisi tuliokulia katika vyama vya akina mama na michango ya matanga tunaielewa hesabu hii bila kufundishwa. Haba na haba hujaza kibaba.

Na upanga je? Na kofia ya manyoya? Vilikuja baadaye. Chama hicho kina madaraja manne, na kila daraja lina fundisho lake: la kwanza ni upendo wa matendo, la pili umoja, la tatu udugu, la nne uzalendo. Daraja la nne, ambalo ndilo lenye zile sare tunazoziona, lilianza mwaka 1900. Hesabu ni rahisi: mjane alitangulia upanga kwa miaka 18. Mtu akituuliza chama kile kimesimama juu ya nini, tutamjibu kwa hesabu hiyo.

Tuseme kidogo juu ya vyeo, kwa kuwa watu huchanganya daraja na cheo. Daraja ni hatua ya malezi ambayo kila mwanachama anaweza kuipanda. Cheo ni kazi. Kiongozi wa baraza la mtaa huitwa Grand Knight, naye huchaguliwa kwa mwaka mmoja mmoja. Ana msaidizi, mweka hazina, na wengine wa kulinda mlango wakati wa mikutano. Sisi makatibu tulifurahi kuona kwamba hata mwandishi wa kumbukumbu ana nafasi yake. Zamani rangi ya manyoya kwenye kofia ilikuambia mtu ana cheo gani. Kipindi kilipoisha, manyoya yalihamia kichwa kingine. Cheo ni dhamana, si urithi.

Mwaka 2017 viongozi wao wakuu walitangaza kwamba joho la mabegani na kofia ya manyoya vinaondolewa. Mahali pake pakaja koti la buluu, suruali ya kijivu na bereti nyeusi. Yakatokea manung'uniko makubwa. Wazee walikuwa wamenunua sare zao kwa pesa zao, wamezivaa kwenye mazishi ya ndugu zao, na sasa wanaambiwa waziweke kando. Kwa hiyo mabishano ya nguo za kanisani hayakuanza kwetu. Lakini tuone pia kilichobaki: sare ilibadilika, na kazi ya kutunza wajane na yatima haikubadilika. Kitu kinachoweza kubadilishwa na tangazo moja hakiwezi kuwa ndicho kinachomfanya mtu mwanachama.

Hatungekuwa wakweli tukisimulia mazuri peke yake. Katika suala la uanachama, chama hicho kilikuwa na jeraha. Mtu aliyetaka kujiunga alipigiwa kura ya siri, na kwa miaka mingi kura chache za hapana zilitosha kumkataa. Katiba haikuhitaji kuandika kwamba Mweusi haruhusiwi. Vile vikura vichache vilifanya kazi hiyo kimya kimya, na mahali pengi Wakatoliki Weusi walibaki nje.

Ndiyo maana mwaka 1909, mjini Mobile, jimbo la Alabama, mapadre wanne wa shirika la Wajosefiti na walei watatu walianzisha chama kingine, Knights of Peter Claver. Mmoja wa mapadre hao alikuwa John Henry Dorsey, kati ya mapadre Weusi wa kwanza kabisa nchini humo. Walichukua jina la Mtakatifu Petro Claver, Mjesuiti aliyewahudumia Waafrika waliofikishwa utumwani katika bandari ya Cartagena. Chama hicho kipo mpaka leo, tena kina makundi ya akina mama na ya watoto. Nao Knights of Columbus walibadilisha sheria yao mwaka 1964, mgombea asikataliwe isipokuwa theluthi moja ya wapiga kura waseme hapana, na mwaka 1972 wakataka iwe zaidi ya nusu. Toka 1909 hadi 1964 ni miaka 55. Mtu aliyekataliwa mlangoni akiwa kijana angekuwa babu kabla mlango haujalegea.

Afrika nayo ina vyama vya namna hii. Nchini Nigeria, mwaka 1953, Padre Anselm Ojefua alianzisha Knights of St. Mulumba. Mulumba huyo ni wa kwetu Afrika Mashariki: Matia Mulumba, mmoja wa Mashahidi wa Uganda tunaowakumbuka kila tarehe 3 Juni. Alikuwa mtu wa cheo katika eneo la Ssingo, akauawa mwaka 1886 kwa sababu ya imani. Wanaume wa Nigeria walipotafuta jina la kuvaa, hawakuchagua tajiri wala jemadari. Walichagua mtu ambaye cheo chake hakikumzuia kufa kwa ajili ya imani.

Wapendwa, tumetembea mbali. Sasa turudi hapa kwetu.

Kiswahili chenyewe kinatufundisha. Timu mbili zikimaliza mchezo bila mshindi, tunasema zimetoka sare. Sare ni kulingana. Tunavaa sare ili mwalimu na mchuma chai, mwenye gari na anayekuja kwa miguu, waonekane kitu kimoja mbele ya altare. Siku sare itakapoanza kutuonyesha nani ana pesa na nani hana, itakuwa imeacha kuwa sare, hata kama ni nguo za rangi moja. Waraka wa Yakobo, sura ya 2, unatuonya juu ya kumpa mwenye nguo nzuri kiti kizuri na kumsimamisha maskini kando. Hatutaki yubilei yetu iwe mfano wa sura hiyo.

Wapo wenzetu wanaosema kwamba kitu cha bure hakithaminiwi, na kwamba kwaya bila michango itakufa. Wana hoja, na tunaiheshimu. Bila zile dola moja moja mjane wa New Haven asingepata kitu. Hatusemi tuache kuchanga. Tunasema tuulize kila shilingi inakwenda wapi kwanza. Joho jipya ni kibarua cha siku nyingi kwa baadhi ya akina mama wetu wa sauti ya kwanza. Mama huyo ameimba mazishi yetu yote. Akikosa joho siku ya yubilei, je, ni yeye aliyepungukiwa au ni sisi?

Kwa hiyo kamati italeta mapendekezo manne mbele ya mkutano mkuu.

Kwanza, mfuko wa kusaidiana utangulie katika bajeti, kabla ya joho, kabla ya spika, kabla ya safari. Mwanakwaya akifiwa au akilazwa hospitali, mchango uliokubaliwa utumwe kwa M-Pesa kabla ya siku tatu kwisha, bila mfiwa kupiga simu kuomba.

Pili, majoho yawe mali ya kwaya. Yatunzwe kabatini, yafuliwe kwa zamu, na anayehama arudishe. Waliokwisha kulipa, fedha zao zihesabiwe kuwa mchango wao wa mwaka. Hivyo siku ya Misa hakuna atakayejua nani alilipa na nani hakulipa, ila mweka hazina, na mweka hazina wetu ana mdomo mzito.

Tatu, uanachama upimwe kwa mahudhurio na kwa maisha ya Kikristo: mtu ahudhurie mazoezi kwa miezi mitatu na awe hai katika jumuiya yake ndogondogo. Kusiwe na kura ya siri ya kumkataa mtu. Mwenye sababu ya kumzuia mwenzake aitoe mbele ya kamati na mlezi wetu, naye anayezuiwa apewe nafasi ya kujibu.

Nne, mstari wa mbele upangwe na mwalimu wa kwaya kwa sauti na kwa kimo. Mchango mkubwa tutaushukuru kwa barua na kwa makofi. Hautanunua mahali pa kusimama.

Mapendekezo haya yanaweza kupingwa, na tutapenda yapingwe kwa hoja mkutanoni, si kwa minong'ono nyuma ya kanisa. Kila mwanakwaya, aliyelipa na ambaye hajalipa, ana kura moja.

Padre McGivney alifariki mwaka 1890 akiwa na miaka 38 tu. Hakuona hata kofia moja ya manyoya. Tarehe 31 Oktoba 2020 Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri, na chama alichokiacha kina wanachama zaidi ya milioni mbili. Kanisa lilimheshimu kwa jinsi alivyowatunza watu wake.

Tunawashukuru waanzilishi wetu walioanza bila kinanda na bila sare, wakiimba kwa kupiga makofi.  Tunawaombea marehemu wetu, ambao majina yao yamo katika ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki. Mkutano mkuu utakuwa Jumamosi ya kwanza baada ya sherehe, mara tu baada ya mazoezi. Tafadhali fikeni kwa saa.

Mungu awabariki nyote. Heri ya yubilei!

Katibu, kwa niaba ya kamati ya kwaya